Ngozi, Mionzi na Katazo la Maji

Mwanamke wa Manyatta, mtaa wa mji wa Kisumu nchini Kenya, akiambiwa kwamba titi lake litatibiwa kwa mionzi, mashauri humfikia kabla hajapangiwa hata siku ya kwanza. Huyu atamwambia asiguse sehemu hiyo kwa maji mpaka matibabu yaishe. Yule atamletea jani la ogaka, yaani mshubiri, ajipake utomvu wake asubuhi na jioni. Mwingine atamsihi ajipake mafuta ya mgando kwa wingi ili ngozi isikauke. Mashauri haya hutolewa kwa mapenzi, na kila moja lina asili yake. Hoja yangu ni kwamba tukiifuata asili hiyo hatua kwa hatua, tutaona mambo matatu. Katazo la maji lilizaliwa na mashine za zamani na wino wa kuchorea ngozi, likaendelea kuishi baada ya sababu zake kupita. Kilichoilinda ngozi ya wagonjwa zaidi ya marhamu yoyote ni mabadiliko ya mashine na ya namna ya kugawa dozi. Na ulinzi mkubwa uliobaki mikononi mwa mgonjwa mwenyewe ni usafi wa kila siku. Katika mtaa wenye joto, jasho na shida ya maji kama Manyatta, mambo hayo matatu yana uzito wa pekee.

Historia yenyewe inaanza na ngozi iliyoungua. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Emil Grubbe wa Chicago alikuja kudai kwamba kufikia Januari 1896 alikuwa amekwisha kumtibu mwanamke mwenye saratani ya matiti kwa miale hiyo. Wanahistoria wamelibishania dai lake, lakini hakuna anayebisha yaliyoipata mikono yake: iliungua, ikaota vidonda, na hatimaye mmoja ukakatwa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alifariki mwaka 1904 kwa saratani iliyoanzia kwenye mikono aliyokuwa akiiweka mbele ya mashine siku baada ya siku. Mwaka 1901 Henri Becquerel alitembea na kichupa cha radiumu mfukoni mwa kizibao, na ngozi iliyokuwa nyuma ya mfuko ikaungua. Pierre Curie naye alijifunga radiumu mkononi kwa makusudi, akaandika jinsi jeraha lilivyotokea na lilivyochukua muda kupona. Mwaka 1936 mjini Hamburg ulizinduliwa mnara wa kuwakumbuka madaktari, wauguzi na mafundi waliouawa na mionzi waliyoitumikia, ukiwa na majina yao. Majeraha hayo ndiyo yaliyowafundisha matabibu kwamba kitu kinachoweza kuua ngozi yenye afya huenda kikaua uvimbe pia. Kwa hiyo tangu mwanzo ngozi ilikuwa mwathirika na mwalimu kwa wakati mmoja.

Muda si muda ngozi ikawa kipimo vilevile. Mpaka mwaka 1928, kizio cha rontgeni kilipokubaliwa kimataifa, daktari hakuwa na kizio kimoja cha kumwambia mwenzake wa nchi nyingine ametoa mionzi kiasi gani. Alichotegemea zaidi ni macho yake. Katika mji wa Erlangen, Ludwig Seitz na Hermann Wintz walifanya wekundu wa ngozi kuwa kizio mnamo 1920: dozi kamili ilikuwa ile inayoifanya ngozi iwe nyekundu baada ya muda fulani. Hata mwaka 1944, Magnus Strandqvist wa Uswidi alipochora mistari mashuhuri ya kuhusisha dozi na siku za matibabu, ngozi ilikuwa sehemu ya ushahidi wake. Mashine za enzi hiyo zilikuwa na nguvu ndogo, na miale yake ilimwaga dozi kubwa kabisa juu ya ngozi yenyewe kabla ya kufika kwenye uvimbe. Daktari aliyetaka kuufikia uvimbe ulio ndani ilibidi aiunguze ngozi njiani. Katika hali hiyo tahadhari kali ilikuwa na mantiki. Ngozi iliyokuwa karibu kupasuka haikutakiwa isuguliwe, inyolewe, ipakwe poda yenye madini, wala ioshwe kwa sabuni kali za wakati huo. Katazo la maji lilipata makao yake hapo, likaingia katika mafunzo ya wauguzi na katika karatasi za maelekezo kwa wagonjwa wa nchi nyingi.

Nafuu ya kwanza kubwa haikutoka kwenye chupa ya dawa. Ilitoka Paris, kwenye maabara ya Claudius Regaud, aliyefanya majaribio kwa kondoo dume. Alipojaribu kuhasi mnyama kwa dozi moja kubwa, ngozi iliyofunika korodani iliharibika vibaya. Alipoigawa dozi na kuitoa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, mnyama alihasika na ngozi ikabaki nzima. Regaud aliona kwamba chembe zinazogawanyika haraka, kama za saratani, hushindwa kustahimili mapigo ya kurudiarudia, ilhali ngozi hupata nafasi ya kujitengeneza kati ya pigo na pigo. Katika miaka ya 1920 mwenzake Henri Coutard aliwatibu wagonjwa wa saratani ya koo kwa utaratibu huo, na dunia nzima ikaufuata. Wakati huohuo, mjini London, Geoffrey Keynes wa Hospitali ya St Bartholomew alikuwa akichoma sindano za radiumu ndani ya titi ili kuwaepusha wanawake na upasuaji mkubwa ulioenezwa na William Halsted, uliokuwa ukiondoa titi zima pamoja na misuli ya kifua. Ratiba ya kwenda hospitali Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki, ambayo mgonjwa wa leo huiona kama usumbufu, ni ngao ya ngozi iliyovumbuliwa miaka mia moja iliyopita.

Nafuu ya pili ilikuja Oktoba 1951, wagonjwa wa kwanza walipotibiwa kwa kobalti nchini Canada. Miale ya kobalti ina nguvu kubwa kiasi kwamba kilele cha dozi yake hakiko juu ya ngozi. Kiko takriban nusu sentimita chini yake. Mashine za umeme za baadaye, linaki, zilikisukuma kilele hicho ndani zaidi, takriban sentimita moja na nusu kwa zile za kawaida. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuupiga uvimbe kwa nguvu na ngozi ikapokea sehemu tu ya pigo. Kobalti ilifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na kwa miongo mingi hospitali hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo la umma kwa tiba ya mionzi nchini Kenya. Uganda ilitegemea mashine moja katika Hospitali ya Mulago, nayo ilipoharibika mwaka 2016 nchi nzima ilibaki bila tiba hiyo hadi mpya iliposimikwa. Ieleweke pia kwamba kobalti huchakaa kwa asili: nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei, na chanzo kisipobadilishwa, mgonjwa hulala chini ya mashine dakika nyingi zaidi kupata dozi ileile.

Kisumu ilikuwa mbali na mashine hizo. Reli ilifika hapo, kwenye Ziwa Viktoria, mwaka 1901, mji ulipoitwa Port Florence, lakini huduma kubwa za afya zilichelewa. Hospitali kuu ya mkoa wa Nyanza, ambayo wenyeji waliipa jina Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta Oktoba 1969. Hospitali hiyo, leo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iko kando ya Kondele, jirani kabisa na Manyatta. Mkazi wa mtaa aliweza kwenda kwa miguu mpaka mahali pa kupimwa uvimbe. Ilipofika zamu ya mionzi, kwa muda mrefu njia ilikuwa moja: kilomita zipatazo 350 hadi Nairobi, foleni ya miezi, kisha wiki tano au zaidi za kukaa kwa jamaa au katika chumba cha kupanga. Miaka ya karibuni mashine zimeongezeka katika miji mingine, ikiwemo Nakuru, Mombasa, Garissa na Eldoret, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mila za kutunza ngozi zilijengwa katika safari zile ndefu. Mwanamke aliyerudi ziwani akiwa hai alikuwa ndiye mtaalamu wa pekee ambaye jirani yake angemuuliza, naye alimweleza yale aliyoambiwa yeye, pengine miaka kumi au ishirini nyuma.

Manyatta yenyewe ina historia inayoufanya usafi wa ngozi uwe kazi. Ilikua nje ya mipaka ya mji wa kikoloni, mahali ambapo Mwafrika aliyenyimwa nafasi ndani ya mji alijenga kwenye ardhi ya ukoo au kupanga chumba, na haikuingizwa ndani ya mipaka ya manispaa mpaka miaka ya mwanzo ya 1970. Mji ulipoufikia mtaa, nyumba zilikuwa zimekwisha kusongamana, kila kiwanja kikijitegemea kwa choo cha shimo na, mara nyingi, kisima kifupi hatua chache kutoka chooni. Watafiti waliopima maji ya visima vya Manyatta na Migosi wameonyesha kwamba msongamano wa vyoo na uchafu wa visima huenda pamoja. Maji ya bomba hununuliwa kwa mtungi kwenye kioski. Nyumba ya mabati huwa tanuri mchana, na hewa ya ziwa hujaa unyevu. Ngozi inayopata taabu zaidi wakati wa tiba ya titi ni ile ya kwapa na ya mkunjo ulio chini ya titi, sehemu ambazo jasho hukaa na ngozi husuguana na ngozi. Kumwambia mwanamke wa Manyatta asizioshe sehemu hizo kwa wiki tano ni kumpa adhabu juu ya ugonjwa.

Kwa nini basi katazo liliendelea hata baada ya kobalti kuiondolea ngozi sehemu ya mzigo? Sababu moja ilikuwa ya kweli, nayo ni alama. Ili miale iangukie mahali palepale kila siku, fundi huchora mistari juu ya ngozi, na katika vituo vingi mistari hiyo ilikuwa ya wino mtupu. Mgonjwa aliyeifuta kwa dodoki alilazimika kupimwa upya, na kipimo kikikosewa miale ingeweza kupotea njia. Katika nchi yenye mashine chache na foleni ndefu, ilikuwa rahisi kusema "usioge" kuliko kueleza "oga, lakini usisugue mistari." Sababu ya pili ni kwamba mazoea yana taabu: katazo ambalo halijawahi kupimwa huonekana salama kwa sababu tu ni la zamani, na hakuna muuguzi aliyetaka kuwa wa kwanza kulivunja. Leo alama zinaweza kuwa nukta ndogo za kudumu chini ya ngozi, au mistari inayofunikwa kwa plasta angavu isiyopitisha maji. Sababu ile ya kweli ina dawa yake, na haihitaji mwanamke akae mchafu.

Katazo lilipopimwa hatimaye, lilianguka. Watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio mwaka 1992 kuhusu wanawake waliopata mionzi ya titi au kifua, na hawakuona madhara kwa waliooga. Mwaka 2001 Isabelle Roy na wenzake wa Québec, Canada, waliwagawa wanawake 99 kwa bahati nasibu: nusu waioshe sehemu inayotibiwa kwa maji na sabuni, nusu wasiioshe. Ngozi ilichubuka na kutoa majimaji kwa asilimia 33 ya wasioosha, na kwa asilimia 14 ya walioosha. Mwaka 2013 jumuiya ya kimataifa ya huduma saidizi katika saratani, MASCC, iliingiza kuosha katika mwongozo wake wa kuzuia madhara ya ngozi. Utafiti uliotoka Bronx, New York, mwaka 2023 uliongeza maelezo ya sababu. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeishi puani na juu ya ngozi za watu wengi, alihusishwa na ngozi kuharibika vibaya zaidi, na wagonjwa waliooga kwa dawa ya kuua vijidudu na kupaka dawa puani waliepuka hatua mbaya ya kuchubuka, ilhali karibu robo ya wasiofanya hivyo iliwapata. Jaribio hilo lilikuwa dogo, wagonjwa wasiozidi 80, na dawa zake zinahitaji maelekezo ya daktari. Hata hivyo majibu ya 1992, 2001 na 2023 yanaelekea upande mmoja, na upande huo ni wa maji.

Ogaka inastahili kujadiliwa kwa heshima, maana si uzushi wa mtaani. Mwanabotania Mkenya John Kokwaro aliorodhesha matumizi ya mimea ya namna hiyo katika kitabu chake kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1976, na kabla ya hapo alikuwa ameandika kamusi ya majina ya mimea kwa Kijaluo. Wala si mabibi wa ziwani peke yao walioiamini. Mwaka 1935 jarida la madaktari wa mionzi la Marekani lilichapisha taarifa ya Collins na Collins kuhusu jani bichi la mshubiri lililotumika kutibu ngozi iliyoungua kwa eksirei, na taarifa hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa biashara yote ya jeli za mshubiri kwa wagonjwa wa mionzi. Lakini taarifa ya mgonjwa mmoja mmoja haiwezi kutuambia kama angepona vilevile bila jani. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la wanawake 194 waliopata mionzi ya titi au kifua: nusu walipewa jeli ya mshubiri na nusu jeli inayofanana nayo isiyo na mshubiri, bila wao wala madaktari kujua nani ana ipi. Ngozi za makundi yote mawili ziliharibika sawa. Mwaka 2002 jaribio la Australia kwa wanawake zaidi ya 200 lilikuta krimu ya kawaida ya maji ikizuia ukavu na maumivu vizuri kuliko mshubiri.

Mtetezi wa ogaka anaweza kujibu kwamba jeli ya kiwandani si jani lililokatwa sasa hivi uani, na kwamba aina ya mshubiri inayoota Nyanza si ile iliyopimwa Marekani. Jibu hilo ni la haki, na lingekuwa mwito mzuri kwa vyuo vikuu vya Maseno na Jaramogi Oginga Odinga kufanya jaribio lao wenyewe. Lakini mpaka jaribio hilo lifanyike, mzigo wa ushahidi uko upande wa anayependekeza kupaka kitu juu ya ngozi iliyo taabani. Jani bichi lina utomvu wa njano, mchungu, unaotoka chini ya ganda na unaoweza kuwasha ngozi, na kisu na mikono ya kulikata vina vijidudu vyake. Juu ya ngozi nzima ogaka huenda ikaleta ubaridi na faraja, na faraja ina thamani. Juu ya ngozi iliyopasuka ni hatari isiyo na faida iliyothibitishwa.

Mafuta yana historia tofauti. Kupaka ngozi mafuta ni desturi ya kale ziwani, tangu enzi za samli mpaka Arimis na mafuta ya mgando ya leo, na mtu asiyejipaka huonekana hajajitunza. Kliniki nyingi ziliyakataza kabisa kwa hofu yenye msingi wa fizikia: kitu kizito kikilala juu ya ngozi, miale huanza kumwaga dozi ndani yake, na kile kilele kilichosukumwa chini ya ngozi hurudi juu. Madaktari huitumia kanuni hiyo kwa makusudi. Mwanamke aliyeondolewa titi, hasa aliyefika hospitali ugonjwa umekwisha kukomaa kama ilivyo kwa wengi nchini Kenya, huwekewa kipande laini cha kuongeza dozi juu ya kifua, kwa kuwa chembe za saratani zinaweza kuwa zimejificha kwenye ngozi yenyewe. Ngozi yake itaungua zaidi kuliko ya mwenzake aliyebaki na titi, na hilo si kosa lake wala la uchafu wake. Kuhusu mafuta ya kujipaka, watafiti wa Philadelphia walipima jambo hilo mwaka 2018. Waliona kwamba tabaka jembamba la milimita moja au mbili halibadilishi dozi ya ngozi kwa kiasi cha maana, na kwamba tabaka nene, milimita tatu na zaidi, huiongeza. Mila ya kupaka inaweza basi kubaki kwa kiasi chake: kidogo, yasiyo na manukato, yaenee na kunywea kabla ya kwenda kwenye mashine, na yasipakwe kwenye ngozi iliyopasuka bila ushauri wa kliniki. Onyo moja ni la lazima. Mwongozo ule wa 2013 ulipendekeza krimu za steroidi kama mometasoni kupunguza mwasho na uvimbe, lakini steroidi hizo huandikwa na daktari kwa kipimo. Krimu za kujichubua zinazouzwa sokoni, nyingine zikiwa na steroidi kali zisizotajwa kwenye kopo, si mbadala wake na hazifai kukaribia ngozi inayopigwa mionzi.

Kuna deni jingine ambalo historia hii iliacha, nalo linawahusu wanawake weusi moja kwa moja. Wekundu wa ngozi uliokuwa kizio mwaka 1920 uliingia katika mizani za baadaye za kupima madhara ya mionzi, na mpaka leo hatua za kwanza za mizani hizo huulizia wekundu. Ngozi nyeusi haiwi nyekundu kwa namna ile. Huwa nyeusi zaidi, huwa na joto, hukaza, huwasha, na wakati mwingine hupasuka kabla mtazamaji asiyezoea hajaandika kwamba kuna tatizo. Muuguzi anayesubiri wekundu kwenye kifua cha mwanamke wa Kisumu atachelewa. Anapaswa kugusa kwa mgongo wa mkono na kuulinganisha upande unaotibiwa na ule usiotibiwa. Amuulize pia mgonjwa kuhusu maumivu kila wiki. Mgonjwa naye asinyamaze kwa kuwa ameambiwa bado ngozi yake "ni sawa."

Kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba maji yenyewe ya Manyatta ni machafu, na ushauri wa Québec hauwezi kuhamishiwa kwenye mtaa wa visima vilivyo kando ya vyoo. Ni kweli kwamba maji ya kisima kifupi hayafai kuoshea ngozi iliyopasuka. Lakini pingamizi hiyo inahusu chanzo cha maji, na chanzo kinaweza kuchaguliwa. Sehemu inayotibiwa ni ndogo. Inahitaji beseni dogo tu la maji ya bomba kutoka kioskini, vuguvugu, na kama ngozi imefunguka, yaliyochemshwa na kupoa. Sabuni laini isiyo na manukato, mkono badala ya dodoki, kukausha kwa kugusagusa kwa kitambaa safi, kisha leso au fulana ya pamba iliyolegea badala ya sidiria inayobana. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya siku moja. Kutoosha kabisa hakumwepushi mgonjwa na vijidudu. Humwachia vile vilivyo tayari kwenye jasho lake.

Pingamizi ya pili inasema kwamba mtu anayepigania uhai hana haja ya kuhangaikia ngozi. Historia ya tiba yenyewe inakataa wazo hilo. Tangu Regaud, mafanikio ya mionzi yamejengwa juu ya ratiba isiyokatika, na ngozi ikichubuka vibaya ndiyo hulazimisha matibabu yasimame au humfanya mgonjwa aliyechoka na maumivu arudi nyumbani kabla ya kumaliza. Kila siku inayopotea huipa saratani nafasi. Kuilinda ngozi ni kuilinda ratiba, na kuilinda ratiba ni sehemu ya kupona. Ndiyo maana habari njema zaidi ya miaka ya karibuni ni ratiba fupi. Majaribio ya START ya Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba vipindi 15 vya jumla ya dozi ya grei 40 vinatosha mahali pa vipindi 25 vya grei 50, na kwamba havileti madhara zaidi kwa titi na ngozi. Mwaka 2020 jaribio la FAST-Forward, lenye wagonjwa zaidi ya 4,000, lilionyesha kwamba vipindi vitano ndani ya wiki moja vinaweza kuwatosha wengi. Kwa mwanamke anayetoka ziwani, tofauti kati ya wiki tano na wiki tatu, au moja, ni nauli, kodi ya chumba, watoto walioachwa, na ngozi inayopata muda mfupi wa mateso.

Hukumu ya historia hii iko wazi. Katazo la maji lilikuwa na sababu katika enzi ya mashine zilizoanza kwa kuunguza ngozi. Enzi hiyo imepita na katazo lipite nayo. Hospitali zinazowatuma au kuwapokea wagonjwa wa Nyanza ziandike maelekezo mapya kwa Kiswahili na Kijaluo, yasemwe bayana: oga, usisugue alama, kausha vizuri, mafuta yawe kidogo, ogaka isiguse kidonda, na sema mapema ukihisi joto au maumivu. Kila kituo kina mashine yake na mpango wake, kwa hiyo mgonjwa amuulize mtaalamu wake wa mionzi kabla ya kubadilisha lolote. Kaunti nayo itambue kwamba maji safi ya kioski na bomba la Manyatta ni sehemu ya huduma ya saratani. Na wewe jirani unayemtembelea mgonjwa, kabla hujampa shauri ulilolirithi, mletee mtungi wa maji safi.